Kupima Mionzi Katika Atoli ya Bikini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wanaposikia kwamba bado kuna wataalamu wanaovuka Bahari ya Pasifiki kwenda kupima mabaki ya mabomu yaliyolipuliwa zaidi ya miaka 60 iliyopita, swali la kwanza huwa ni lile lile: je, kisiwa ni salama au si salama? Swali hilo lina jibu, lakini jibu lenyewe hutegemea anayeuliza anakusudia kufanya nini huko, kwa sababu kulala kisiwani siku tatu ukila chakula ulichokuja nacho ni jambo moja, na kujenga, kupanda na kulea watoto kwa nazi za hapo hapo ni jambo lingine kabisa. Sehemu kubwa ya majibu yafuatayo inazunguka tofauti hiyo, kwani ndiyo iliyowahi kusahauliwa mara moja, na waliolipa ni wenyeji.

Bikini ni kisiwa kimoja au ni visiwa vingi?

Yote mawili. Bikini ni atoli, yaani pete ya miamba ya matumbawe yenye visiwa vidogo 23 vinavyoizunguka bahari ya ndani yenye eneo la karibu kilomita za mraba 600, kaskazini mwa Visiwa vya Marshall. Kisiwa kikubwa kuliko vyote katika pete hiyo, kilichoko upande wa mashariki, nacho kinaitwa Bikini. Nchi kavu yote ikijumlishwa haifiki kilomita za mraba 10. Mtu anaposema "kurudi Bikini" kwa kawaida anakusudia kisiwa hicho kikubwa, ilhali kiwanja cha ndege kiko katika kisiwa kingine kiitwacho Eneu, ambacho kilipata majivu machache zaidi ya mabomu, na kutoka huko safari humaliziwa kwa boti. Ripoti ikisema tu "kipimo cha Bikini" bila kutaja kisiwa, ni haki ya msomaji kuuliza ni Bikini ipi.

Wenyeji hulitamka jina lenyewe Pikinni, na linatokana na maneno mawili ya Kimarshall: *pik*, yaani uso wa ardhi, na *ni*, yaani mnazi. Ni ardhi ya minazi, na mnazi huo huo ndio uliokuja kuwa kiini cha tatizo.

Ni mabomu mangapi yalilipuliwa, na yapi yaliacha uchafu mwingi?

Kati ya mwaka 1946 na 1958 Marekani ilifanya majaribio 67 ya silaha za nyuklia katika Visiwa vya Marshall, na 23 kati ya hayo yalifanyika Bikini. Mawili ya mwanzo yalikuwa ya Julai 1946: bomu la tarehe 1 lilidondoshwa kutoka angani juu ya kundi la meli za kivita zilizotiwa nanga kama shabaha, na la tarehe 25 lililipuliwa mita 27 chini ya maji. Meli kadhaa, ikiwemo manowari ya kubebea ndege Saratoga na ile ya Kijapani Nagato, zingali zimelala chini ya bahari ya ndani.

Kwa mpimaji wa leo, hata hivyo, tarehe inayotawala ramani nzima ni 1 Machi 1954, siku ya jaribio lililoitwa Castle Bravo. Wabunifu wa bomu hilo la haidrojeni walitarajia nguvu ya takribani megatani 6, lakini walipata 15, kwa sababu aina moja ya lithiamu waliyoidhania haitashiriki katika mlipuko ilishiriki kikamilifu. Shimo lililochimbika katika mwamba lilikuwa na upana wa karibu kilomita 2. Matumbawe yaliyosagwa na kuunguzwa yalipaa angani, yakachukuliwa na upepo kuelekea mashariki, kisha yakashuka kama unga mweupe juu ya kisiwa cha Bikini, juu ya atoli ya Rongelap iliyokuwa na watu, na juu ya mashua ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryu Maru, iliyokuwa na mabaharia 23, ambao mmoja wao alifariki Septemba mwaka huo.

Mambo mawili hufuata kutokana na hilo. Kwanza, mlipuko ulikuwa upande wa kaskazini-magharibi wa pete, lakini nchi kavu iliyochafuka kiasi cha kuwazuia watu kurudi ni ile ya mashariki, kwa kuwa mwelekeo uliamuliwa na upepo. Pili, uchafu haukuja kama vipande vya kuokota. Ulikuja kama vumbi laini la chokaa, likalowa mvua na kuingia udongoni.

Wenyeji walipelekwa wapi?

Machi 1946 watu 167 walihamishiwa atoli ya Rongerik, umbali wa kilomita 200 hivi, wakiambiwa kwamba ardhi yao inatakiwa kwa manufaa ya wanadamu wote. Rongerik haikuwa na chakula cha kuwatosha, na njaa iliwafika. Mwaka 1948 waliondolewa wakapelekwa kwanza Kwajalein, kisha Novemba wakahamishiwa Kili, kisiwa kimoja kidogo kisicho na bahari ya ndani, ambako kwa miezi mingi mawimbi hayaruhusu chombo kutia nanga wala mvuvi kutoka. Anayejua tofauti kati ya kuvua ndani ya mwamba na kuvua bahari kuu wakati wa kusi kali ataelewa mara moja walichopoteza. Vizazi vya watu hao hadi leo viko Kili, katika kisiwa cha Ejit kilichoko Majuro, na kwingineko, ikiwemo Marekani yenyewe.

Mwaka 1968 si ilitangazwa kwamba kisiwa ni salama?

Ilitangazwa. Agosti 1968 Rais Lyndon Johnson alieleza kwamba watu wa Bikini wangeweza kurudi, na tangazo hilo lilitegemea vipimo vilivyokuwa vimefanywa kisiwani. Vifusi viliondolewa, vichaka vikafyekwa, minazi mipya maelfu kwa maelfu ikapandwa kwa safu zilizonyooka kama za shamba la mkonge, nyumba zikajengwa. Jamii yenyewe kwa ujumla ilisita, lakini familia kadhaa zilirudi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Miaka ile ya mwanzo walikula kwa wingi chakula kilicholetwa na meli, kwa sababu minazi mipya ilikuwa haijazaa. Ilipoanza kuzaa, watu waliipokea neema hiyo kama mtu yeyote wa pwani angeipokea: walikunywa madafu, walikula nazi, walipika kwa tui. Wapimaji waliokuwa wakija kuwakagua waliona kiwango cha sesiamu-137, mabaki yenye mionzi ya mabomu yale, kikipanda katika miili yao ziara hadi ziara. Mwaka 1978 watu waliokuwa kisiwani, zaidi ya 100, waliondolewa tena, na kijiji kikabaki na nyumba zake tupu.

Kosa halikuwa katika chombo cha kupimia. Mionzi inayotoka ardhini na kumpiga mtu aliyesimama ilikuwa imepimwa vizuri. Kilichokadiriwa vibaya ni mlo: makadirio ya kiasi cha nazi ambacho mtu wa Bikini angekula kwa siku yalikuwa madogo mno, na uwezo wa mnazi wa kuivuta sesiamu kutoka udongo wa matumbawe haukuwa umeeleweka. Kwa maoni yangu hili ndilo somo zito kuliko yote katika taaluma hii, na linaudhi kwa sababu halikuhitaji mashine ya gharama kulizuia. Lilihitaji mtu akae jikoni kwa mama wa Kimarshall kwa wiki moja akihesabu vifuu.

Kwa nini mnazi wa Bikini uvute sesiamu kuliko mnazi wa kwingine?

Sababu iko udongoni. Sesiamu kikemia inafanana na potasiamu, na mmea unaotafuta potasiamu huichukua sesiamu kana kwamba ndiyo. Katika udongo wa bara, wenye mfinyanzi, chembe za madini huishika sesiamu kwa nguvu na kuuachia mmea kidogo sana. Udongo wa atoli hauna mfinyanzi huo: ni mchanga wa matumbawe, yaani chokaa tupu iliyochanganyika na mboji ya majani yaliyooza, na potasiamu yake ni haba. Mnazi wenye njaa ya potasiamu ukiwa umesimama juu ya udongo usioishika sesiamu hufanya kile ambacho ungetarajia.

Strontiamu-90, ambayo nayo ilikuwamo katika majivu, ina hadithi iliyo kinyume. Yenyewe inafanana na kalisiamu, na kalisiamu kisiwani imejaa tele, kiasi kwamba mmea haulazimiki kuitafuta strontiamu. Ndiyo maana hesabu za dozi za Bikini hutawaliwa na sesiamu pekee, na nyingine zote hubaki kuwa nyongeza ndogo.

Upimaji wenyewe unafanywaje?

Huanzia juu. Mwaka 1978 serikali ya Marekani ilifanya uchunguzi mkubwa wa atoli za kaskazini kwa kutumia helikopta zilizofungwa vitambuzi vya mionzi ya gama, zikipita juu ya kila kisiwa kwa mistari sambamba, kama mtu anayelima matuta. Picha inayopatikana huonyesha haraka mahali palipo pakali na mahali palipo pasafi, lakini ni picha ya wastani: helikopta huona eneo pana kwa wakati mmoja, na kisehemu kidogo chenye uchafu mwingi humezwa na usafi wa jirani yake.

Kwa hiyo hufuata kazi ya miguu. Timu huweka gridi juu ya kisiwa, na katika kila makutano husimamisha kitambuzi kwenye kiguzo cha miguu mitatu, mita 1 juu ya ardhi, kimo kinachokaribiana na kiuno cha mtu mzima. Vitambuzi bora hutumia fuwele ya jerimaniamu ambayo haifanyi kazi ipasavyo isipopozwa kwa baridi kali sana, na hapo ndipo ugeni wa mahali unapoonekana: katika joto la tropiki, mbali na duka lolote, baridi hiyo lazima izalishwe au ibebwe, pamoja na mafuta ya jenereta, maji ya kunywa na vipuri vya kila kitu. Kitambuzi kikishatulia huhesabu miale yenye nishati ya kiloelektronivolti 662, ambayo ni kama alama ya kidole cha sesiamu-137. Mpimaji huandika muda, mahali alipo kwa kipimo cha setilaiti, na kilicho miguuni pake, kwa kuwa mchanga wa ufukweni uliooshwa na mawimbi na udongo mweusi wa katikati ya kisiwa hutoa majibu yanayotofautiana sana hata kama vimepishana kwa hatua chache.

Hatua ya tatu ni kuchimba. Chini ya mnazi, mahali ambapo mizizi imesukana kama mkeka, hufunguliwa shimo lenye ukuta mmoja ulionyooka, na udongo huchukuliwa kwa tabaka: sentimita 5 za juu, 5 zinazofuata, na kuendelea hivyo hadi sentimita 40 au zaidi. Tabaka la juu huwa jeusi na jepesi, lenye nyuzinyuzi za makuti. Kadiri mtu anavyoshuka linageuka kijivu, kisha jeupe, mpaka panabaki mchanga mtupu wa matumbawe. Sehemu kubwa ya sesiamu iko katika lile jeusi. Kila tabaka huingia mfuko wake, na mwiko husafishwa kabla ya kugusa lifuatalo, kwani punje chache za juu zikidondokea chini huleta uongo ambao hakuna maabara inayoweza kuusahihisha. Baadaye udongo hukaushwa, husagwa, hujazwa katika mikebe yenye ukubwa mmoja na kuhesabiwa kwa saa nyingi.

Kwa nini plutoniamu hupimwa kwa njia tofauti?

Kwa sababu plutoniamu, ambayo nayo ni mabaki ya mabomu, hutoa mionzi ya alfa inayozuiwa hata na karatasi, hivyo kitambuzi kilichosimama mita 1 juu ya ardhi hakiioni. Udongo huyeyushwa kwa asidi, plutoniamu ikatengwa kikemia, ikapakwa juu ya kisahani cha chuma, ndipo alfa zake zikahesabiwa. Ni kazi ya siku nyingi kwa sampuli moja. Kwa kuokoa muda, wapimaji hutumia jamaa yake, amerisiamu-241, inayotoa mwale dhaifu wa gama unaoonekana uwanjani: mahali ilipo amerisiamu, plutoniamu nayo ipo, na uwiano wa hizo mbili ukishajulikana kwa sampuli chache, mengine hukadiriwa.

Plutoniamu haipendi kupanda kwenye mimea wala kupenya utumbo. Hatari yake ni kuvutwa na pumzi pamoja na vumbi, na ndiyo maana swali la nani atafyeka, atachoma au atachimba msingi lina uzito zaidi kuliko swali la nani atatembea.

Ni vyakula gani vinavyochukuliwa sampuli?

Vile vinavyoliwa kweli, na kwa namna vinavyoliwa. Mnazi huongoza orodha, na hapa Kiswahili kinamsaidia mpimaji kuliko lugha nyingi, kwa sababu kina majina tayari kwa kila umri wa tunda: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Maji ya dafu humiminwa katika chupa yake na nyama yake hukwanguliwa kando. Nazi iliyokomaa hufuliwa makumbi, huvunjwa na kupimwa peke yake, kwani mtoto anayekunywa madafu manne kwa siku na mzee anayekula nazi iliyokunwa hawapati dozi moja.

Hufuata shelisheli, na matunda ya mkadi. Mkadi wa kwetu pwani unajulikana zaidi kwa harufu ya maua yake katika vikuba vya akina mama, lakini ule wa Visiwa vya Marshall huzaa tunda kubwa lenye vidole vitamu ambavyo watu hutafuna, na tunda hilo huhifadhi sesiamu nyingi. Uwanga, unaotoa unga wa wanga, nao huchimbwa.

Kisha yuko kaa wa minazi, yule yule mkubwa anayeonekana usiku katika kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja. Anaishi kwa nazi zilizoanguka, kwa hiyo nyama yake hukusanya sesiamu, na gamba lake hukusanya strontiamu. Tena anapojivua gamba hulila, na kwa kufanya hivyo hurudisha mwilini alichokwisha kukitoa. Kwa wenyeji kaa huyu ni chakula cha heshima, na kumwambia mtu asimle si ushauri mdogo.

Vipi samaki wa bahari ya ndani?

Samaki kwa ujumla si tatizo. Maji ya bahari yana potasiamu nyingi, hivyo samaki hana sababu ya kukusanya sesiamu kama mnazi ufanyavyo, na maji yenyewe hubadilishana na bahari kuu kila siku kupitia milango ya mwamba. Mabaki ya plutoniamu yamo katika tope la sakafu, hasa karibu na mashimo ya milipuko, na yanaendelea kufuatiliwa.

Mpimaji mwenyewe yuko hatarini?

Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walipima gama katika visiwa kadhaa vya kaskazini, na wastani wa kisiwa cha Bikini ulikuwa sawa na milisiverti 1.84 kwa mwaka mzima (milisiverti ni kizio cha dozi ya mionzi inayoupata mwili). Gawanya kwa wiki 52, na anayefanya kazi huko wiki moja anapata takribani milisiverti 0.035, kiasi kinachokaribiana na kile ambacho abiria wa ndege hupata kutokana na mionzi ya anga katika safari ndefu ya saa nane hadi kumi. Safari ya kufika Pasifiki inaweza kumpa zaidi ya kazi yenyewe. Hatari zake halisi ni jua, mwamba unaokata miguu, papa, na umbali mkubwa kutoka hospitali yoyote.

Basi kama kipimo ni kidogo hivyo, kwa nini isitangazwe kuwa watu warudi?

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ya makubaliano: Marekani na Visiwa vya Marshall walikubaliana kiwango cha milisiverti 1 kwa mwaka juu ya mionzi ya asili, na 1.84 imekivuka hata kabla mtu hajala kitu. Katika uchunguzi huo huo, sehemu zilizopimwa Rongelap zilikuwa na wastani wa karibu 0.2 na za atoli ya Enewetak, kwingine palipofanyika majaribio, chini ya 0.1, jambo linaloonyesha kwamba kuzungumzia "visiwa vya majaribio" kana kwamba ni kimoja ni kupotosha.

Sababu ya pili ni mlo, na ni nzito zaidi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipopitia takwimu za Bikini katika miaka ya 1990, lilikadiria kwamba mkazi anayeishi kwa chakula cha kisiwani pekee angepata takribani milisiverti 15 kwa mwaka, na likashauri kisiwa kisikaliwe kwa kudumu katika hali hiyo bila hatua za marekebisho. Mtalii anayekuja kuzamia kutazama meli anasimama upande mmoja wa hesabu hii, na familia inayotaka kurudi inasimama upande wa pili, ingawa wote wawili wanakanyaga mchanga ule ule.

Kiwango cha asili nacho kinahitaji neno moja. Matumbawe yana urani, toria na potasiamu kidogo mno, kwa hiyo kisiwa cha matumbawe kisichochafuliwa ni miongoni mwa sehemu zenye mionzi ya ardhini midogo sana duniani. Wastani wa dunia wa mionzi ya asili kutoka vyanzo vyote ni kama milisiverti 2.4 kwa mwaka. Wapo wanaoutumia ulinganisho huo kusema kwamba Bikini ni sawa na mji wowote. Hesabu yao ya gama si ya uongo, ila wameiacha nazi nje.

Kwa nini wasikwangue udongo wote wakautupa?

Inawezekana, na ingeondoa sehemu kubwa ya sesiamu. Lakini lile tabaka jeusi la juu ndilo udongo wote uliopo. Limejengwa na majani na vinyesi vya ndege kwa karne nyingi, na chini yake hakuna kingine ila mchanga mweupe usioota kitu. Kukwangua ni kuwapa watu kisiwa safi kisichoweza kuwalisha wala kushika maji.

Wanasayansi wa maabara ya Lawrence Livermore ya Marekani walijaribu njia nyingine kisiwani hapo kwa miaka mingi: kumwaga mbolea ya kloridi ya potasiamu. Mnazi ukishiba potasiamu hauihitaji sesiamu, na kiwango katika nazi hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya kile cha awali, au chini zaidi. Mchanganyiko unaopendekezwa ni kukwangua mahali pa nyumba na kijiji pekee, ambapo watoto hucheza na vumbi huingia ndani, na kutia mbolea mashambani. Rongelap ndiko mbinu hiyo ilikotumika kwa vitendo. Mbolea yenyewe ni ya kawaida, ya aina ambayo mkulima yeyote anaijua.

Mipaka ya ardhi ya kila ukoo inajulikanaje baada ya yote yaliyotokea?

Swali hili huulizwa mara chache, lakini lingestahili kuwa la kwanza. Katika Visiwa vya Marshall ardhi hugawanywa kwa vipande viitwavyo *weto*, na kila kimoja hukata kisiwa kutoka ufuo wa bahari ya ndani hadi ufuo wa bahari kuu, ili kila ukoo uwe na pwani mbili, mahali pa mashua, sehemu ya minazi na udongo mzuri wa katikati. Mipaka ilishikwa na miti, mawe na kumbukumbu za wazee. Matingatinga yaliing'oa miti hiyo, na minazi iliyopandwa kwa safu haikuheshimu mpaka wowote.

Gridi ya mpimaji nayo haiijui *weto*. Ramani ikionyesha mraba mwekundu hapa na mwingine wa kijani pale, mwenye ardhi bado hajui kama kipande chake kina udongo unaofaa kupandwa. Ripoti ingesomeka vizuri zaidi kama matokeo yangepangwa kwa *weto*, hata kama takwimu zake zisingewapendeza sana wanatakwimu.

Kuna ardhi ambayo hakuna ramani itakayoirudisha. Bendera ya Bikini ina nyota 23 nyeupe kwa visiwa vya atoli, na pembeni nyota tatu nyeusi kwa ajili ya visiwa vilivyotoweka katika mlipuko wa Bravo.

Je, ile kuba kubwa ya saruji inayofunika udongo wenye mionzi iko Bikini?

Hapana. Iko katika kisiwa cha Runit, atoli ya Enewetak, ambako majaribio mengine yalifanyika. Ilijengwa kati ya 1977 na 1980 juu ya shimo la bomu la mwaka 1958, ikafunika udongo uliokwanguliwa kwa tabaka la saruji lenye unene wa sentimita 46. Chini haikusakafiwa, na maji ya bahari hupanda na kushuka ndani yake pamoja na kujaa na kupwa.

Na vazi la kuogelea liitwalo bikini?

Mbunifu Louis Réard alilionyesha Paris tarehe 5 Julai 1946, siku nne baada ya bomu la kwanza, akalipa jina lililokuwa magazetini wiki hiyo.

Afrika inahusika kwa lolote?

Ndiyo, mwanzoni kabisa mwa mnyororo. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na mradi wa Manhattan, mpango wa Marekani uliotengeneza mabomu ya kwanza ya atomiki, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya wakati wa Wabelgiji. Mabomu mawili ya Bikini ya mwaka 1946 yalikuwa ya plutoniamu, na plutoniamu hiyo ilizalishwa katika tanuri zilizolishwa urani.

Watu wenyewe hupimwaje?

Kwa kukaa kitini. Katika vituo vilivyojengwa Enewetak, Rongelap na Majuro, mtu huketi dakika chache mbele ya kitambuzi kinachohesabu miale inayotoka mwilini mwake, na hupewa jibu lake palepale. Plutoniamu huchunguzwa kwa mkojo. Kwa mtazamo wangu kiti hicho ndicho kipimo chenye ukweli kuliko vyote, kwa sababu kinapima alichokula mtu, wala hakikisii alichodhaniwa kula. Ubaya wake ni kwamba kinahitaji watu wawe wamekwisha kuishi kisiwani.

Upimaji unapaswa kurudiwa kila baada ya muda gani?

Nusu-maisha ya sesiamu-137, yaani muda ambao nusu yake huoza, ni miaka 30, kwa hiyo kati ya 1954 na 2024 kuoza peke yake kumebakiza takribani sehemu moja ya tano. Mvua nayo huosha kiasi fulani na kukizamisha chini ya mizizi hadi kwenye maji ya ardhini, na watafiti wa Livermore wamekadiria kwamba, mambo hayo mawili yakijumlishwa, sesiamu inayoupata mmea hupungua kwa nusu kila miaka 8 au 9 hivi. Kiwango kilichoandikwa miaka kumi iliyopita basi si kiwango cha leo, na kukitumia ni kuwanyima watu haki kwa upande mmoja au mwingine. Plutoniamu-239, kwa upande wake, yenye nusu-maisha ya miaka 24,000 na zaidi, itapimwa na vitukuu wa vitukuu na kukutwa ilivyo, isipokuwa pale dhoruba itakapokuwa imehamisha mchanga.

Anayerudi kupima hukabiliwa na shida moja ya kawaida sana: minazi miwili iliyosimama mita kumi kutoka mmoja hadi mwingine yaweza kutofautiana sana kwa sesiamu, kulingana na makuti yaliyorundikwa na kuozea chini ya mmoja wao. Tofauti hiyo hufunika mabadiliko ya miaka. Ndiyo maana miti iliyochukuliwa sampuli huwekewa namba shinani na kuandikwa kwenye ramani, ili mpimaji ajaye, hata kama ni mtu mwingine kabisa, aangue dafu kutoka mnazi ule ule.